Mtoro, mkaidi au mgonjwa? Ujumuishi na ustawi wa mwanafunzi katika sekondari za Dar es Salaam

Shule nyingi za sekondari za kutwa hapa Dar es Salaam hufunga geti kati ya saa moja na saa moja na nusu asubuhi. Anayefika baada ya hapo ni wa mwalimu wa zamu. Chukua wanafunzi wanne waliopangwa mstari mmoja, wamepiga magoti kwenye kokoto. Wa kwanza ametoka Mbagala Rangi Tatu, daladala tatu zimemwacha kituoni, maana nauli ya mwanafunzi ni Sh200 na konda anajua nafasi ileile inaweza kumpa zaidi ya mara mbili akipanda mtu mzima. Wa pili anaishi na bibi aliyepooza, hawezi kutoka nyumbani kabla hajamwogesha na kumpikia uji. Wa tatu ana seli mundu, ugonjwa wa damu wa kurithi, na mifupa ilimuuma hadi alfajiri. Wa nne, tusidanganyane, alikuwa kwenye simu mpaka saa saba usiku.

Wote wanne watachapwa fimbo zilezile na kufagia uwanja uleule, na kwenye daftari la zamu wataandikwa kitu kimoja: wamechelewa. Wiki ijayo watatu watachelewa tena. Mwezi ujao mmoja wao ataona heri asije kabisa kuliko kuja kupigwa.

Makala hii inawahusu zaidi hao watatu, ingawa haiwezi kumruka wa nne. Kuna mambo mawili yanayozungumzwa kila siku kwenye semina za walimu kana kwamba hayana uhusiano, elimu jumuishi, yaani kila mtoto kusoma pamoja na wenzake, kwa upande mmoja, ustawi wa mwanafunzi kwa upande wa pili, wakati shuleni yanakutana kwenye mwili wa mtoto mmoja, asubuhi ileile, mbele ya mwalimu yuleyule.

Mlango umefunguliwa, kisha?

Tuanze na haki ya anayestahili. Suala la kumwingiza mtoto shuleni limepiga hatua kubwa. Kuanzia mwaka 2004, Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Sekondari ulisukuma ujenzi wa shule za kata, na mtaa ambao zamani mtoto wake angesoma mbali au asisome kabisa sasa una sekondari ya kutembea kwa miguu. Januari 2016 ada ikafutwa hadi kidato cha nne, na mwaka wa fedha 2022/23 kidato cha tano na cha sita vikaingizwa humo. Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inampa mtoto mwenye ulemavu haki ya kusoma kama wenzake. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeweka elimu ya lazima kuwa miaka 10, maana yake, kisera, sekondari ya chini si hiari tena.

Kwa hiyo katika jiji hili swali la nani ameandikishwa limepungua uzito. Lililobaki ni gumu zaidi: aliyeandikishwa anasoma? Yumo darasani kwa jina, au yumo kweli? Na je, mambo anayokutana nayo pale shuleni yanamjenga au yanammaliza?

Ugumu wa swali hili ni kwamba halionekani kwenye takwimu za mahudhurio. Mtoto anaweza kuhudhuria siku zote za muhula na bado akawa nje ya somo.

Mfano wa wazi kabisa ni mwanafunzi kiziwi. Akiwa msingi, tuseme Buguruni Viziwi, alizungukwa na watu wanaotumia Lugha ya Alama ya Tanzania: walimu, wenzake, hata wapishi. Shule ya msingi Uhuru Mchanganyiko nayo kwa miaka mingi imelea wasioona na wenye ulemavu mwingine pamoja na wanafunzi wengine. Kiziwi yule akifaulu, anapangiwa sekondari yenye uzoefu wa kupokea wanafunzi wenye ulemavu, kama Jangwani au Benjamin Mkapa, na hapo mfumo unabadilika ghafla. Sekondari inaendeshwa kwa masomo. Kila baada ya dakika 40 anaingia mwalimu mwingine, na kati ya walimu hao wanaojua alama ni wachache, ama ni yule mmoja wa kitengo cha elimu maalumu ambaye hawezi kuwa kwenye madarasa manne kwa wakati mmoja. Mwalimu wa Fizikia anageukia ubao, anaandika huku anaongea. Kwa mwanafunzi anayetegemea kusoma midomo, mgongo wa mwalimu ni kimya kitupu. Mwalimu yule hana ubaya wowote moyoni, hakuna aliyemwambia.

Jambo hilo la mgongo halihitaji bajeti. Andika kwanza, geuka, kisha ongea. Mkalimani anahitaji bajeti, vifaa vya breli vinahitaji bajeti, choo kinachoingilika kwa kiti cha magurudumu kinahitaji bajeti, na hayo lazima yadaiwe kwa sauti kubwa bila kuona haya. Ila mengine mengi yanakwamishwa na kutojua tu, na ni kosa kuyaweka yote kwenye kapu la uhaba wa fedha.

Mwanafunzi mwenye ualbino ni mfano wa kutojua huko. Shule nyingi hujipongeza kwa kumweka dawati la mbele. Ni jambo jema, lakini macho yake yana uoni hafifu, na pale mbele kuna dirisha linalomulika ubao hadi haoni kitu. Anahitaji maandishi makubwa, kivuli, muda wa kunakili, na ruhusa ya kumwendea mwalimu au kusogelea ubao bila kuchekwa. Anahitaji pia kofia pana na mikono mirefu, na hapo ndipo sare ya shule inapogeuka kikwazo, kwa kuwa kuna kiranja getini anayevua watu kofia. Paredi ya asubuhi ya nusu saa juani, ambayo kwa wengine ni uchovu tu, kwake ni hatari ya saratani ya ngozi. Hospitali ya KCMC kule Moshi imekuwa ikitengeneza losheni ya kuwakinga na jua, lakini losheni haifuti ulazima wa kivuli.

Kinachonishangaza ni kwamba Baraza la Mitihani linalitambua hili. Mtahiniwa aliyesajiliwa kwa hali yake hupata karatasi ya maandishi makubwa au ya breli, na huongezewa muda. Yaani siku ya mtihani wa taifa anasomeka kama alivyo, baada ya miaka minne ya kunakili ubao asiouona. Tena hata huo msaada unategemea shule kukumbuka kuijaza hali yake wakati wa usajili.

Kimya cha kidato cha kwanza

Kuna kundi la wanaoachwa nje ambalo halina ulemavu wowote, na kwa idadi pengine ndilo kubwa kuliko yote. Ni watoto waliosoma darasa la kwanza hadi la saba kwa Kiswahili, wakaingia kidato cha kwanza, wakapewa wiki chache za Kiingereza cha kujiandaa, kisha Biolojia, Jiografia na Historia zote zikaanza kumiminwa kwa Kiingereza.

Mwalimu yeyote wa kidato cha kwanza anawajua. Binti aliyekuwa wa kwanza au wa pili darasa la saba, aliyekuwa akinyoosha kidole hadi anasimama, sasa anaketi nyuma ameinamisha kichwa. Anaijua mimea inavyotengeneza chakula chake kwa mwanga wa jua. Alijifunza darasa la tano, na anaweza kukueleza kwa Kiswahili fasaha kuliko kitabu. Akiulizwa kwa Kiingereza anasimama, anashika kona ya dawati, anatazama chini. Darasa linacheka. Mwalimu anasema, "Endelea kusimama." Baada ya mwezi mmoja wa kusimama vile, mtoto amejifunza jambo moja tu, kwamba hana akili.

Kwenye shule nyingine ukuta umeandikwa kwamba Kiswahili ni marufuku, na anayekamatwa akikizungumza anaadhibiwa. Nia ni nzuri, watu wazoee lugha ya mtihani. Matokeo yake watoto hawazungumzi Kiingereza zaidi, wanazungumza kidogo. Aliye na tatizo nyumbani hana lugha ya kulieleza mpaka avuke geti. Umri wenyewe ni wa miaka 13 au 14, na Shirika la Afya Duniani limekuwa likieleza kwamba karibu nusu ya matatizo ya afya ya akili huanza kufikia umri wa miaka 14, mengi bila kugunduliwa. Ni umri mbaya sana wa kumfunga mtu mdomo.

Mjadala wa lugha ya kufundishia ni wa taifa zima na hautamalizwa na mkuu wa shule mmoja. Lakini ndani ya darasa mwalimu ana nafasi. Anaweza kuruhusu wanafunzi wajadiliane kwa Kiswahili kwa dakika kumi kisha waandike kwa Kiingereza. Anaweza kusahihisha wazo na kusahihisha sarufi kama vitu viwili, ili mtoto ajue kipi alichokosea. Na anaweza kutoichukulia aibu kuwa ni uvivu.

Fimbo na sikio kwa mtu mmoja

Sasa tufike kwenye fundo lenyewe.

Kanuni za adhabu ya viboko chini ya Sheria ya Elimu, kama zilivyorekebishwa mwaka 2002, zina masharti ambayo wazazi wengi hawajawahi kuyasikia. Viboko visizidi vinne. Atoe mkuu wa shule, au mwalimu aliyempa idhini kwa maandishi. Binti achapwe na mwalimu wa kike, isipokuwa kama shule haina. Kila adhabu iandikwe kwenye kitabu, pamoja na kosa na idadi ya viboko. Ukiyasoma masharti hayo kisha ukasimama getini saa moja na nusu, utaona pengo lenyewe.

Utafiti wa taifa kuhusu ukatili dhidi ya watoto, uliofanyika mwaka 2009 na kutolewa 2011, ulikuta karibu robo tatu ya vijana waliohojiwa, wa kike na wa kiume, walifanyiwa ukatili wa kimwili kabla ya kufikisha miaka 18, na walimu walikuwa miongoni mwa waliotajwa sana. Utafiti huohuo ulikuta karibu wasichana 3 kati ya 10, na mvulana 1 kati ya 7, walifanyiwa ukatili wa kingono angalau mara moja kabla ya umri huo. Weka takwimu hizo mbili kwenye darasa la mkondo mmoja. Kuna watoto mle ndani wenye jambo zito la kumwambia mtu mzima, na mtu mzima aliye karibu nao ana fimbo mkononi.

Wizara inalijua hili. Kupitia mradi wa kuimarisha elimu ya sekondari, SEQUIP, uliopitishwa na Benki ya Dunia mwaka 2020, ilianzishwa programu ya Shule Salama, na walimu wa malezi na unasihi, yaani ushauri nasaha, wamekuwa wakipewa mafunzo, wa kike na wa kiume, ili mwanafunzi achague wa kumwendea. Hiyo ni hatua ya kweli na wapo walimu wanaoifanya kazi hii kwa moyo hasa. Matatizo yanaanza mwalimu anaporudi kutoka kwenye mafunzo.

Kwanza, vipindi vyake havijapungua. Bado anafundisha mikondo yote ya kidato cha tatu, bado ana zamu, bado ana madaftari ya kusahihisha. Unasihi unafanyika wakati wa chai, mlangoni, huku kengele inalia.

Pili, hana chumba. Anapewa stoo ya vitabu au kona ya ofisi ya walimu, na mtoto anatakiwa aeleze kinachomsibu huku mwalimu wa Hisabati anahesabu alama meza ya tatu. Kesho yake anayasikia mambo yake yakirudi kama utani.

Tatu, na hili ndilo zito, mara nyingi mwalimu wa unasihi na mwalimu wa nidhamu ni mtu mmoja, au wanakaa kamati moja na kupeana habari. Uongozi unaona ni mantiki: wote wawili wanashughulika na wanafunzi wasumbufu. Kwa mwanafunzi mantiki yake ni tofauti. Aliyenichapa Jumatatu siwezi kumweleza Jumatano kwamba mjomba ananiingilia chumbani. Nikimwambia nimevuta bangi, ninakiri kosa mbele ya hakimu. Kwa hiyo siendi. Na shule inaandika kwenye taarifa kwamba huduma ya unasihi ipo ila wanafunzi hawaitumii.

Wakati huohuo usiri una mipaka yake, na mwalimu anapaswa kuieleza mwanzoni, kabla mtoto hajaanza kusimulia. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamtaka yeyote katika jamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa azifikishe kwa serikali ya mtaa wake. Kwa hiyo jambo la ukatili haliishii kwenye stoo ya vitabu; linakwenda kwa afisa ustawi wa jamii na kwenye Dawati la Jinsia na Watoto la polisi. Mwalimu anayeahidi "sitamwambia mtu yeyote" anaahidi asichoweza kutimiza. Anayesema "mengi yatabaki hapa, ila ukiwa hatarini nitatafuta msaada na wewe utajua nimemwambia nani" anaaminika zaidi, hata kama mtoto atanuna kwanza. Simu ya bure ya 116, huduma ya simu kwa mtoto, inafaa ibandikwe mahali ambapo mtoto anaweza kuisoma bila kuonekana anaisoma. Mlango wa choo kwa ndani unafaa kuliko ubao wa matangazo.

Mtu ataniuliza, sasa nidhamu iende wapi? Yule wa simu hadi saa saba usiku aachwe? Hapana. Apewe adhabu inayoendana na kosa, mzazi wake aitwe, simu ijadiliwe. Na ndiyo faida ya kuuliza kwanza: adhabu inampata anayestahili. Kumchapa mwenye seli mundu kwa sababu mwenzake alikesha mtandaoni hakuimarishi nidhamu ya yeyote. Yule wa simu naye anajifunza kwamba pale getini ukweli na uongo vinalipwa sawa, na kwa kuwa ni mtoto wa mjini atachagua uongo.

Mwili unaposema

Tarehe 30 Januari 1962, kwenye shule ya bweni ya wasichana ya Kashasha mkoani Kagera, wasichana watatu walianza kucheka na hawakuweza kujizuia. Cheko likasambaa. Kati ya wanafunzi 159, waliopatwa wakafika 95, na tarehe 18 Machi shule ikafungwa. Walipimwa, haikupatikana sumu wala ugonjwa. Waliorudishwa makwao wakaenda nayo, na shule na vijiji vingine vikakumbwa. Hadi leo kisa hicho kinatajwa duniani kote, na mara nyingi kinasimuliwa kama kichekesho. Watafiti waliokichambua baadaye waliona kitu kingine, vijana wenye mfadhaiko mkubwa ambao mwili umeusema badala ya mdomo.

Tunayoyaona siku hizi kwenye shule zetu, wasichana kuanguka na kupiga mayowe, yanafanana nayo sana. Tunasema mapepo. Shule inaita shehe na mchungaji, wanaombewa, wanatulia, wiki mbili baadaye wanaanguka tena karibu na mitihani. Sina ugomvi na dua. Wazazi wengi wanaihitaji na watoto wanatulizwa nayo kweli. Ila dua haimzuii mtu kuuliza: wanalala saa ngapi? Kambi ya masomo imechukua wiki ngapi bila Jumapili ya kupumzika? Bwenini kuna nini? Kuna mwalimu wanayemwogopa? Aliyeanguka wa kwanza alikuwa na nini nyumbani? Na wakati wanaulizwa, watenganishwe kwa upole, watazamaji waondolewe, na simu za kurekodi zizimwe, kwa sababu video ile itamfuata binti yule mpaka kwenye harusi yake.

Magonjwa ya kawaida nayo yanasomwa vibaya. Tanzania ni kati ya nchi zenye watoto wengi zaidi wanaozaliwa na seli mundu, takribani 11,000 kila mwaka kwa makadirio yanayotumika. Wengi wao sasa wanafika sekondari. Mwanafunzi huyu anatakiwa kunywa maji mara kwa mara, hivyo atakwenda chooni mara kwa mara, na mwalimu asiyejua ataona anatoroka kipindi. Baridi ya asubuhi ya mwezi wa saba, kukimbizwa mchakamchaka na kiu ya kutwa vinaweza kumwamshia maumivu ya kulazwa. Wazazi huficha, wakiogopa mtoto asionekane dhaifu au binti asije kukosa mume. Shule ikiwa na utaratibu unaoeleweka, kwamba taarifa ya afya anaijua mkuu wa shule, mwalimu wa darasa na wa michezo basi, wazazi huanza kusema. Shule ambayo taarifa hizo zinasomwa paredini haitaambiwa kitu.

Kwa kifafa, maneno machache, kwa kuwa makosa yake ni yaleyale kila mahali. Usimtie kijiko mdomoni. Usimfunge mikono. Ondoa vitu vya kumuumiza, mlaze ubavu, angalia saa. Ikizidi dakika tano apelekwe hospitali. Akizinduka asikute duara la watu wanamtazama.

Na hedhi. Mwaka 2018 serikali iliondoa kodi ya ongezeko la thamani kwenye taulo za kike, mwaka 2019 ikairudisha kwa maelezo kwamba bei haikushuka. Shuleni, mbali na bei, kinachomtoa binti darasani ni choo kisicho na maji wala komeo. Komeo ni bei ya soda chache.

Anayerudi

Kwa miaka mingi kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi shuleni zilitumika kuwafukuza mabinti waliopata ujauzito, na mwaka 2017 Rais Magufuli alitamka hadharani kwamba hawatarudi. Tarehe 24 Novemba 2021 Waziri wa Elimu wa wakati huo, Profesa Joyce Ndalichako, akatangaza mabadiliko: waliokatisha masomo, wakiwemo waliojifungua, wanaruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi ndani ya miaka miwili.

Waraka umefungua geti. Kilichobaki kinafanyika darasani, na hakiandikwi kwenye waraka. Anarudi kidato cha pili na wenzake wako cha nne. Wanafunzi wanampa jina. Mwalimu mmoja, akitaka kuwaonya wengine, anamtumia kama mfano huku ameketi palepale. Maziwa yanajaa saa nne asubuhi na mtoto yuko Tandika kwa bibi. Shule iliyojiandaa humruhusu kutoka mapema kwa makubaliano, humpa mwalimu mmoja wa kumfuatilia, na humwita mama yake siku ya kwanza kupanga nani analea. Nyingine humwambia karibu, na baada ya wiki sita anahesabiwa mtoro.

Kwa asiyeweza kurudi kwenye darasa la kutwa, ipo njia ya pili: vituo vya elimu mbadala na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, yenye makao yake hapahapa jijini. Ni njia halali ya kufika kidato cha nne. Isitumike tu kama jalala la kuwatupia wanaoisumbua shule. Mkuu wa shule anayemwelekeza binti huko kabla hajamuuliza anataka nini amemfukuza kwa lugha ya heshima.

Vitu vinavyofanyika ndani ya muhula mmoja

Sipendi orodha ndefu za mapendekezo, huwa zinaishia kwenye faili. Machache yanayowezekana hata kwenye shule ya kata yenye mikondo iliyofurika ni haya.

Watenganishwe: anayeadhibu asiwe anayenasihi. Kama walimu ni wachache, unasihi apewe asiye na zamu ya geti, na apunguziwe vipindi viwili kwa wiki vikajazwe na wenzake. Mkuu wa shule akisema haiwezekani, muulize vipindi vya mwalimu wa taaluma vilipunguzwaje.

Daftari la mahudhurio lisomwe, lisijazwe tu. Utoro wa siku 90 mfululizo unatosha kumfuta mwanafunzi, lakini siku hizo 90 zilianza na Ijumaa moja, halafu Ijumaa mbili. Anayekosa kila Ijumaa huenda anauza karanga Kariakoo au anaswali mbali. Anayekosa kila siku yenye kipindi cha mwalimu fulani ana habari nyingine kabisa. Mwalimu wa darasa anaweza kuona hilo kwa dakika kumi, na simu moja kwa mzazi katika wiki ya pili ina maana kuliko barua tano katika wiki ya kumi.

Majina ya wasiolipa mchango wa uji au wa mlinzi yasisomwe paredini, wala yasitupwe kwenye kundi la WhatsApp la wazazi, ambako siku hizi matokeo, madeni na makosa ya watoto huanikwa saa tatu usiku. Mtoto anayesomwa pale ataulizwa kesho na mtoto wa jirani.

Sanduku la maoni ni zuri, lakini kwanza amueni nani anashika ufunguo. Akiushika mwalimu wa nidhamu, mtapata karatasi za kusifia chakula.

Bodi ya shule nayo ina kazi moja ambayo huwa inasahaulika, kuulizia kinachotokea mwalimu wa unasihi anapohamishwa. Walimu wa Dar es Salaam huhama, kutoka Temeke kwenda Kigamboni, kutoka Ubungo kwenda mkoani. Anayeondoka ana daftari lenye mambo ya watoto 30 au 40: nani anapigwa nyumbani, nani anameza dawa, nani alisema hataki kuishi. Kwenye makabidhiano huwa yanaorodheshwa vitabu, chaki na funguo. Daftari lile ama linaenda naye kwenye begi, ama linabaki kwenye droo isiyofungwa, na mtoto aliyejikaza mwaka mzima hadi akamwamini mtu mmoja anapata habari za uhamisho siku ya paredi kama wengine wote. Makabidhiano ya unasihi yanahitaji saa moja, mwalimu anayekuja, anayeondoka, na kwa kila mtoto swali la kumuuliza mwenyewe kabla: unataka nimwambie nini mwenzangu, na nini unataka kumwambia wewe?